Kabati la Eckhard na Mjusi Anayekonda

Mpendwa Bi Hannelore,

Nakuandikia nikiwa jikoni, mlango nimeufunga, maana mume wangu Eckhard yuko sebuleni analitazama kabati lake na mimi siwezi tena kulitazama bila kuumia, kwa hiyo naomba unisaidie kabla sijasema neno nikalijutia.

Binti yetu Jette ameenda Norwei kusoma mwaka mzima, akatuachia mijusi chui wake wawili, Senf na Zimt, wale wenye madoadoa na mkia mnene wanaofugwa ndani ya vioo, na kizimba chao cha zamani kilikuwa kimepasuka, basi Eckhard, ambaye alikuwa seremala maisha yake yote na tangu astaafu alikuwa anashinda kwenye kiti na rimoti mkononi, akashuka kwenye karakana yake kule chini akaanza kupiga randa, na nilimsikia anapiga mluzi, Bi Hannelore, mluzi ambao nilidhani umeshakufa, nikasema moyoni, Mungu asante.

Alichopandisha ni kabati la mwaloni lenye milango ya kioo, refu kama mimi, lina vibaraza na vingazi, na taa ya joto ameiweka juu kabisa, majirani wote wa jengo letu wamekuja kuliona na kula keki, na Eckhard anawaambia, "Mwakani napangisha ghorofa ya pili!" lakini Zimt hali chakula, mkia wake uliokuwa mnene kama kidole gumba umebaki kama penseli, anashinda kwenye kona ya chini huku Senf ananenepa kwenye kibaraza cha juu karibu na taa, na mimi nimesoma kwamba mijusi hawa ni wa ardhini, wanataka nafasi ya kutembea, siyo ya kupanda. Nilijaribu kugusia, nikasema, "Baba, huoni Zimt anakonda?" akanijibu, "Mama, huyo anadeka tu, anamkumbuka Jette," akaenda kupaka nta milango.

Usidhani ni uchafu, nyumba yangu naitunza, asubuhi na jioni nafungua madirisha yote wazi, ya mbele na ya nyuma, hewa ipite, iwe theluji iwe barafu, kama mama alivyonifundisha, na kabati liko pale pale kando ya dirisha la sebuleni penye mwanga. Jumapili Jette akipiga simu ya video namwonyesha Senf ubavu wa kushoto, halafu nazunguka namwonyesha Senf yule yule ubavu wa kulia, naye anasema, "Jamani, wote wamenenepa!" nami nacheka huku moyo unaniuma. Nikimwambia Eckhard ukweli atarudi kwenye kiti chake, nikinyamaza Zimt atakufa, sasa nimwokoe nani?

Roswitha, Chemnitz

*

Bi Roswitha,

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa huruma, ya pili kwa hasira kidogo. Umemshtaki fundi tangu juu hadi chini, halafu ukafungua madirisha kwa sentensi moja na kupita zako. Nyani haoni kundule! Mjusi huyu asili yake ni mawe makavu ya Pakistani na Afghanistan. Hana joto lake mwenyewe, analipata mahali anapolala. Akipoa, chakula hakisagiki tumboni, ndiyo maana anakataa kula. Wewe unammwagia hewa ya Januari mara mbili kwa siku, kisha unauliza anakonda kwa nini? Hata mimi nafungua madirisha, sote tumelelewa hivyo. Lakini mgonjwa humvui blanketi ili chumba kipate hewa.

Kabati nalo lina kosa, hilo ni kweli. Joto linabaki juu, sakafu inabaki baridi, na pale pazuri pekee pameshikwa na Senf. Hao si marafiki. Watenganishe leo hii.

Zimt mtie kwenye sanduku la plastiki lenye matundu, mkeka wa joto chini ya upande mmoja tu, umeunganishwa na kidhibiti joto. Kesho mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua wanyama watambaao, na uchukue kinyesi chake, maana huenda pia ana minyoo. Wote wawili wahamishie chumba cha Jette, mbali na dirisha, na ukipitisha hewa sebuleni mlango wa kule uwe umefungwa.

Sasa Eckhard. Unaogopa kumgusa kama vile ni kioo cha kuvunjika. Mtu aliyefanya useremala maisha yake yote ameshaambiwa mara nyingi "mlango huu haufungi," na bado yu hai. Kinachomwua ni kukaa bure. Anza na kosa lako: "Baba, nimekuwa nikiwapiga baridi." Kisha mpe kazi. Masanduku mawili, kila mjusi na lake, marefu kama mita moja, mafupi kwenda juu. Taa iwe upande mmoja, imezungushiwa wavu, joto chini yake kama nyuzi thelathini na mbili, upande wa pili ishirini na tano. Pango kila upande, na la tatu lenye unyevunyevu ili waambue ngozi ya zamani. Kihisi joto cha kidhibiti kikae pale mnyama anapolala, siyo ukutani. Mawe ya umeme yanayouzwa madukani usiyaguse, yanaunguza tumbo. Atanuna, mwache anune. Kabla ya chakula cha jioni atakuuliza futi ya kupimia iko wapi. Lile kabati la mwaloni weka vyombo vya wageni, litapendeza.

Jette mpigie leo, usingoje Jumapili. Kwamba Zimt atapona siwezi kukuahidi. Jette akirudi akamkuta mmoja, atalia, na atawasamehe. Lakini akigundua alionyeshwa Senf mara mbili, siku utakapomwambia "baba yako hajambo," hatakuamini.

Hannelore