Wiki ya Kuharibu Hita

Jumapili, 3 Agosti 2025

Mzee Shitanda amekula samaki wetu, amemaliza supu yote, halafu amelitaka gari la Baba. Hivyo tu! Kama mtu anayeomba chumvi.

Kaka Calvince aoe binti wa mtu, sisi ndio tupokonywe Pijo. Eti ng'ombe waliobaki wa mahari ya Terry wasamehewe, mradi yeye kama baba mzazi apewe 504 ile. Kaka yangu aliitikia kabla mzee hajafunga mdomo. Ana nyumba Milimani na suti za kila rangi, lakini ng'ombe hana hata wa kuchorwa.

Na Baba angesema nini? Mkwe hakataliwi, tena mezani kwako. Alitafuna polepole sana, kisha akasema: “Ora, mkwe wangu, gari ni yako. Shida tu ni hita. Feni yake haipulizi, ilikufa kitambo. Na kule kwako Kaptagat ni baridi, utaganda.”

Nilitaka kumpigia makofi. Huku Kombewa nani huwasha hita? Tungeiva!

Shitanda akacheka. Basi hita itengenezwe, akasema. Ikipuliza, Jumamosi anakuja kuchukua gari lake. Isipopuliza, turudi kwa ng'ombe, maana kifua chake hakitaki mchezo.

Wote wakanigeukia. Mimi ndiye muuza spea wa familia. Nikasema sawa, nitaomba ruhusa dukani. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Tangu Mama atuache, Baba hukaa ndani ya gari lile kila jioni, mlango wazi, redio ikimsimulia mambo. Likiondoka atakaa wapi? Nimekasirika hadi nimevunja sahani nikiosha. Sahani ya Calvince.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeanza kazi. Fyuzi nzima. Swichi nzima. Taa ya kupimia imewaka vizuri, umeme unafika hadi kwenye mota. Lakini feni kimya.

Nikavuta nyaya mbili kutoka kwa betri moja kwa moja. Mota ikakoroma, ikakohoa, ikazunguka! Kumbe haijafa. Ugonjwa ni ule waya mweusi unaofungwa kwenye bodi ya gari – bolti yake yote imeliwa na kutu. Nikaisugua kwa msasa, nikafunga, nikawasha. Vuuu! Vumbi usoni, na manyoya ya kuku. Kuna kuku aliwahi kutaga ndani ya hilo gari.

Nilifurahi kama mjinga. Halafu nikakumbuka. Lornah, umefanya nini?

Bahati, Baba alikuwa sokoni. Nikafungua tena, nikauzungushia ule mdomo wa waya tepu nyeusi ili usiguse chuma popote, nikaubana palepale. Ukiangalia haraka, umefungwa vizuri. Nikajaribu swichi. Kimya kitamu!

Nimempigia Calvince. Nikamwambia mota imekufa, pole sana. Hata sauti niliitia huzuni.

Jumanne, 5 Agosti

Mvua. Sijagusa kitu. Nimekula mahindi ya kuchoma na Baba ndani ya gari. Aliuliza mota mpya inaweza kupatikana wapi. Nikasema labda Ufaransa. Akasema, “Hapo ni mbali.” Akaongeza redio.

Jumatano, 6 Agosti

Calvince hana aibu. Amepata mota nyingine kwa watu wa magari makuukuu mjini, ameituma na bodaboda imefungwa kwa leso kama mtoto. Nikaipachika. Bila shaka haikufanya kazi – tepu yangu iko kazini. Calvince alikuwa kwa simu akisikiliza. “Jaribu tena.” Najaribu. “Tena.” Nikampa kimya hicho hicho.

Lakini kuna jambo. Nilipofungua kisanduku cha fyuzi ili nionekane natafuta, fyuzi ya hita haipo. Mimi sikuitoa! Jumatatu ilikuwepo, niliishika kwa mkono wangu.

Jioni Baba alitoa miwani mfukoni, kitu kikaanguka kwenye simiti. Kidogo, cha chuma na kauri. Tulikiangalia wote wawili. Baba akaweka kiatu juu yake.

“Lornah, chai iko?”

Nikaenda kupika chai. Nimecheka jikoni nikiuma kanga.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo ni waya. Umekatwa kwa kisu, tena vibaya, kama sukuma wiki. Mzee wangu! Shemasi wa kanisa!

Sasa naogopa kweli. Akiendelea hivi atachoma gari zima, na tutakuwa tumeliokoa likiwa jivu. Lakini nitamwambia nini? Ametoa neno mbele ya mkwe, na mwanawe wa kike hawezi kumwonyesha kwamba amemwona akilirudisha kwa mlango wa nyuma. Na yeye hawezi kuniambia. Basi tunakula omena, tunaongea habari ya mvua.

Nilijaribu kwa mbali. Nikasema, “Baba, hiyo hita haitawahi kufanya kazi. Wewe pumzika tu.”

Akajibu, “Eeh. Lakini wewe una mikono mizuri sana. Hiyo ndiyo inanisumbua.”

Sikujua nicheke au nilie. Ndiyo sifa kubwa kabisa amewahi kunipa.

Ijumaa, 8 Agosti

Calvince amesema kesho atakuja na fundi wa kukagua kabla mkwe hajafika. Lazima kila kitu kionekane sawa. Nimeunga waya uliokatwa, nimeweka fyuzi mpya, nimefuta hata dashibodi. Tepu ndiyo tegemeo langu pekee. Nimeikaza upya, raundi baada ya raundi, kwa upole kabisa.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Aliniangalia muda mrefu. Nikamwambia nafunga kidonda. Akaguna.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika chumbani, haraka. Wageni wako sebuleni wananawa mikono.

Fundi wa Calvince hakuja – simu imezima. Vizuri, nikasema. Shitanda akafika na koti zito, tayari kwa safari, jua hili! Akaketi kwenye usukani. Calvince na Terry upande mmoja, mimi na Baba upande wa pili. Baba ametulia kuliko mimi. Mkwe akageuza swichi.

VUUUU!

Feni ikapuliza. Vumbi, manyoya, ganda la njugu, vyote kwenye lile koti. Shitanda akacheka, akapiga usukani. “Mkwe, hii kitu inapuliza kama Kaptagat yenyewe!” Calvince akanikumbatia. Eti dada yangu!

Nikamwangalia Baba. Uso wake – siwezi kuuandika.

Alinivuta jikoni. Akafunga mlango. Akaongea chini chini, “Nyar Baba, binti yangu, mimi nilitoa ile plasta nyeusi uliweka jana. Nikarudisha waya vile ilikuwa ili usijue. Si hiyo plasta ndiyo ilikuwa dawa?”

“Baba, hiyo plasta ndiyo ilikuwa ugonjwa!”

Tuliangaliana. Siku zote hizi tumekuwa tukiharibu kwa zamu, na mwishowe yeye ndiye ametengeneza. Alianza kucheka yeye. Bila sauti, ameshika meza, machozi yanatoka. Nikacheka naye. Halafu nikaona machozi yake hayaishi hata kicheko kilipokwisha, nikampa kanga yangu ajifute.

Sasa wanakula. Samaki wengine wakubwa. Ufunguo uko mbele ya Shitanda, kando ya sahani, namsikia akiugongagonga mezani. Amesema akimaliza anaondoka, asikute giza mlimani.

Baba ametoka sebuleni. Amesema anaenda kumwongezea mkwe maji ya kunawa. Lakini hayuko kwenye mtungi. Yuko nje ya dirisha langu, ameinama, kofia mkononi.

Anauliza: gari lenyewe likikataa kuwaka kabisa, ni yeye atakuwa amevunja neno, au ni gari?

Nimemwambia ni gari.

Anauliza aanzie wapi kufungua boneti isilie.