Mguu Ubaki Ndani

Nyumba ya pili nyuma ya karakana,
Shamba la Miti.
14 Juni

Mpendwa mpwa wangu Kimbunga,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeshiba, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Sisi huku hatujambo. Mkaza mjomba wako alikuwa na mafua, lakini jana ameanza tena kunigombeza, kwa hiyo najua amepona. Mimi na mguu wangu tunaendelea kuvumiliana.

Hongera kwa kazi mpya. Kutoka kuchimba mitaro ya mabomba mpaka kukagua matangi ya maji huko vilimani si jambo dogo, na mama yako ameshamtangazia kila mtu mpaka mshona viatu wa kona.

Barua yako aliileta hapa Jumamosi, akatusomea kwa sauti. Tulicheka ulipoandika kwamba kile kigari cha viti viwili mlichopewa, kisicho na milango, chenye fremu ya vyuma juu ya kichwa na matairi ya meno makubwa, ni kama kochi la sebuleni ukikilinganisha na pikipiki yako. Kisha akafika pale uliposema kiliinuka upande mmoja kwenye mteremko, ukatoa mguu nje, ukasukuma ardhi, kikarudi. Mama yako alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilisingizia kwenda kuangalia chai jikoni, nikakaa huko mpaka barua ikaisha.

Kilirudi kwa sababu kilikuwa bado hakijaamua kupinduka, mwanangu. Mguu wako haukukirudisha.

Sasa nikwambie jambo ambalo nimelikalia miaka kumi na moja. Nyote mnajua kwamba gogo liliniangukia mguuni kwa uzembe wa mpakiaji wetu wa magogo. Ndivyo nilivyowaambia mlipokuja hospitali, na ndivyo mama yako anavyoamini. Hakukuwa na gogo.

Nilikuwa nimeendesha pikipiki miaka minane nilipopewa kigari kama chako, cha kupelekea miche juu kilimani. Siku ya pili nikajiona bingwa. Mkanda niliufungia nyuma ya mgongo ili kile king'ora cha kukumbusha mkanda kinyamaze. Wakati wa kushuka, badala ya kuteremka moja kwa moja, nikakata kona katikati ya mteremko. Kikainama upande, na mguu ukatoka wenyewe bila kuniomba ruhusa, kama ulivyozoea kwenye pikipiki. Pikipiki utaizuia kwa mguu. Kile kitu kina uzito wa ng'ombe wawili, na fremu yake ilitua juu ya kifundo changu.

Aliyekuja mbio na mti, akaupenyeza chini ya kigari akakiinua, akanibeba mgongoni mpaka barabarani, ni mpakiaji huyohuyo. Niliona aibu kusema ukweli, naye hakuwahi kunisuta. Mama yako mpaka leo anamwitikia salamu huku anatazama pembeni.

Sikwambii uache kazi. Nilipopona nilirudi kwenye usukani, fundi wa karakana akanifundisha upya kama mtoto. Alinizungusha wiki nzima uwanjani, mahali tambarare, ndipo akaniruhusu kusogelea kilima. Mwombe mkubwa wako akupe hiyo wiki, na akikuona mwoga, mwache akuone hivyo. Mkanda kwanza, ufunguo baadaye. Wavu wa pembeni, ule ulio badala ya mlango, ufunge, helmeti hata kama unaenda hapo tu, na vifaa vyako vizito viwe chini, vimefungwa. Kilima ukipande na kukishuka moja kwa moja, bila kukata kona.

Na kikianza kulala, kiache kilale. Shika usukani kwa mikono yote, kanyaga sakafu kwa miguu yote, ngoja mpaka kila kitu kitulie. Ile fremu iliwekwa kwa ajili hiyo, lakini inamlinda aliye ndani yake tu. Mguu wako utataka kutoka. Ndiyo maana ninakuandikia, kwa sababu najua jinsi unavyotaka.

Nisalimie sana mumeo, na mdogo wako mpiga picha, mwambie picha za harusi bado tunazingoja. Mkaza mjomba anakubusu.

Jumapili mama yako anakuja kula hapa mchana, na nimemwalika mpakiaji pia. Nitasema mbele ya wote wawili. Naogopa ulimi wa dada yangu kuliko nilivyomwogopa daktari. Lakini nimetaka wewe ujue kwanza, maana mguu wangu ndio umeshaharibika. Wako bado ni mzima.

Mungu akutangulie kwenye kila mteremko, akurudishe nyumbani ukitembea.

Akupendaye kwa mguu mzima na kwa ule mbovu,
Mjomba wako, mtunza stoo