Funda la Maji

Igowole, Mufindi
Mvua za mwisho

Mdogo wangu Tupokigwe,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, na kwa jina la mama yetu, ambaye sauti yake siku hizi naisikia katika mwandiko wako tu. Kifua kimekuachilia? Migomba imesimama baada ya upepo ule? Mimi ni mzima kadiri mzee anavyoweza kuwa mzima. Magoti yanalalamika asubuhi, lakini mikono bado inashika randa. Barua yako ilichelewa kwa sababu dereva wa lori alikwama Igawa kwenye matope, akakaa nayo mfukoni pamoja na dagaa wake. Nimeisoma hivyo hivyo, na harufu yake.

Umeniomba kisa cha kuwafundishia watoto wa Jumapili hatari ya hasira. Umenieleza na njia yako: mtoto akikasirika apige funda la maji, afumbe mdomo, akae nalo mpaka hasira ipoe, kisha ayameze. Unasema mchungaji ameisifu sana. Halafu chini kabisa, baada ya salamu, kama mtu anayetaja habari za mvua, umeandika kwamba ndugu yetu Ambilikile amevimba miguu na haondoki kitandani, na kwamba wewe huvuki kijito kwenda kumwona. "Lakini simtukani, kaka. Sina neno naye."

Mambo hayo mawili nitayajibu kwa kisa kimoja. Si kizuri, na sitakilainisha.

Karibu na banda langu la useremala kuna shimo la kupasulia mbao. Gogo hulazwa juu ya shimo, mtu mmoja husimama juu yake na mwenzake huingia chini, wakavutana msumeno mrefu. Wa chini haoni kitu. Unga wa mbao humwangukia machoni tangu asubuhi, naye hufanya kazi akiwa amefumba, akisikiliza. Macho yake ni mdomo wa mwenzake. "Vuta. Taratibu. Kushoto kidogo. Simama." Ndiyo kazi yote.

Shimo hilo lilikuwa la ndugu wawili Wabena. Lameki, mkubwa, alisimama juu. Zakayo alikuwa chini, kijana wa mizaha, ambaye hata msibani ilibidi akalishwe mbali na watu. Jumapili moja Lameki alipewa kusoma kanisani. Akafunua kurasa mbili kwa pamoja bila kujua, na mgonjwa aliyekuwa karibu kuponywa akaishia kuchinjwa kama mbuzi wa sadaka. Zakayo alicheka. Alipocheka yeye, kanisa zima likacheka, na mimi nilicheka pia.

Lameki alifunga kitabu, akarudi kukaa. Tangu saa ile hakusema tena na mdogo wake.

Hakumtukana, hakumgusa. Alikula naye sahani moja na kumwachia mnofu. Alipoulizwa alijibu kwa upole, "Sina neno naye." Mzee wa kanisa akamsimamisha mbele ya watoto. "Mtazameni huyu. Amechekwa mbele ya watu, naye hakujibu. Amemshinda Shetani." Watoto wakampigia makofi.

Kazi iliendelea, bila sauti. Nilikuwa nawasikia kutoka bandani, msumeno tu, na Zakayo akipiga kelele kutoka shimoni, "We Lameki! Huko juu kuna mtu, au navutana na malaika?" Watoto waliokuwa wakipita walicheka. Juu, kimya. "Kaka, basi hata kohoa nijue uko hai!" Kimya. Mbao zilizotoka siku hizo nilizipokea mimi. Ziliingia ndani hapa, zikatoka nje pale, kama njia ya mlevi. Nikamwambia Lameki, "Mwanangu, ubao hupasuliwa na wawili. Zungumza naye." Akanijibu, "Babu, nimemkosea nini? Nionyeshe neno moja baya nililomwambia." Sikuwa nalo la kumwonyesha.

Asubuhi moja kabari iliyozuia gogo lisibingirike ilianza kulegea. Lameki aliiona. Alitueleza mwenyewe baadaye, bila kuficha, maana hakudhani kuna la kuficha. Neno moja lilitosha: "Toka." Zakayo angeruka pembeni, kama walivyokwisha kufanya mara nyingi. Lameki hakutaka neno la kwanza liwe lake. Akauachilia mpini wa msumeno, akatembea juu ya gogo kwenda kuigonga kabari mwenyewe. Uzito wake ukalitikisa gogo. Likageuka, likaingia shimoni pamoja na boriti iliyolishikilia.

Tulimtoa Zakayo akiwa mzima kutoka kifuani kwenda juu. Mganga wa zahanati alisema nyonga imesagika na damu inavuja ndani, asisogezwe. Hata tungemsogeza, barabara ya Mafinga ilikuwa matope matupu. Akalazwa kwenye mkeka nyumbani kwa mama yake, na aliyemwuguza ni Lameki.

Na hapo, Tupokigwe, ndipo nilipoona ukatili ambao sijapata kuuona maishani, na nimeona vita. Lameki alimwuguza vizuri kuliko mwanamke. Alimnywesha uji kijiko kwa kijiko, akimfuta midevu. Alimgeuza, akamfulia matambara. Alipiga magoti pembeni akamwombea kwa Mungu, akimwita "huyu mgonjwa". Yeye mwenyewe hakumwambia neno.

Zakayo aliendelea na mizaha yake mpaka ikamwishia. "Kaka, uji hauna chumvi. Nitukane, labda utakolea." Siku iliyofuata akasema kwa sauti ndogo, "Niite mbwa, kaka. Neno moja tu. Nitalala vizuri." Lameki akamkunjia blanketi miguuni, miguu ambayo haikuwa na habari tena na baridi.

Mama yao akaingia na maji kwenye kata. Hata huku wanayo desturi ile yetu, ingawa kwa namna yao. Unaikumbuka: mtoto akiugua, ndugu hukaa pamoja, kila mwenye uchungu akautaja mbele ya watu, kisha akapiga funda la maji akayatema chini, na uchungu ukatoka nayo. Mama akapiga magoti mbele ya mwanawe mkubwa. Alipiga magoti, na mimi nipo.

"Sema lililo moyoni mwako, baba. Sema, uteme. Mwenzako anaondoka."

"Mama, hayo ya kipagani tuliyaacha," akasema Lameki. "Na mimi sina hasira. Uliza mtu yeyote kama amenisikia nikimtukana."

"Hakuna aliyekusikia," mama akasema. "Hilo ndilo linaloniua."

Zakayo alikufa asubuhi, uso ameuelekeza upande aliokaa kaka yake. Jeneza nilitengeneza mimi, kwa mbao zilizokuwapo, na zilizokuwapo ni zile zao. Lameki alikuja kunishikia upande mmoja. Akapitisha kiganja kwenye ubao wa ubavuni, akasema, "Huu umepinda."

Nikamwambia, "Umepinda tangu Jumatatu ile mlipoanza kupasua bila kusemezana. Ukitaka nitakuonyesha mahali penyewe."

Akashika mpaka nilipomaliza kupigilia misumari. Sikumwonea huruma siku ile. Ninamwonea sasa.

Jumapili iliyofuata watoto ninaowafundisha huku walikuwa wengi, maana kifo huwaleta. Binti mmoja mdogo, mtoto wa mchuma chai, akaniuliza, "Babu, Lameki alimpiga Zakayo?"

"Hapana."

"Alimtukana?"

"Hapana."

"Basi hasira yake ilikuwa wapi?"

Nimesoma vitabu vingi katika miaka yangu ya ugenini, na swali lile liliniketisha. Nikawasimulia habari za ndugu wawili wa kwanza wa dunia, zile mnazozijua wote huko. Ila safari hii nilisimama mahali ambapo huwa tunapapita haraka. Kabla ya yule mkubwa kumwua mdogo wake shambani, Mungu alimjia akamwuliza kwa nini amekasirika na kwa nini uso wake umekunjamana. Hakumchapa. Alimwuliza tu, kama mama anavyomwuliza mtoto, apate kusema. Na yeye hakujibu. Tafuta jibu lake, hulioni. Alinyamaza mbele za Mungu, akatoka akaenda shambani. Nikawaambia watoto: hasira ya Lameki ilikuwa mahali palepale, katika jibu ambalo halikutolewa. Ngumi ina dawa, maana kila mtu anaiona. Tusi nalo linaombewa radhi. Lakini mtu anayekasirika kwa adabu, nani atamshika mkono?

Kisha nikaleta ndoo. Nikawaambia kila mmoja ataje uchungu wake kwa jina la mtu, amwombe Bwana amsamehe yeye na huyo mtu, apige funda, ateme nje ya mlango. Mzee wa kanisa alinitazama vibaya, na amenitazama hivyo mpaka leo. Tukaanza. "Nina hasira na dada, alikula kiazi changu kikubwa." Akatema. "Nina hasira na baba, alimwuza mbuzi wangu bila kuniambia." Akatema, akalia. "Nina hasira na Babu huyu, anasimulia mpaka njaa inauma." Tulicheka, naye akatema mbali kuliko wote.

Tulipoinua macho Lameki alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakuna aliyemwita. Nikampa kata. Akaipokea, akapiga funda, akakaa nalo, mashavu yamejaa. Watoto wakamngojea kwa heshima, kama wanavyomngojea mkubwa. Tukamngoja sana. Akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta uso fulani katika kundi. Halafu akayameza, akavaa kofia, akaenda zake. Kwa nani angeyasema?

Sasa nakuja kwako, mdogo wangu. Utaniona mkali, na uone hivyo. Ng'ombe wa Ambilikile walikula migomba yako michanga, naye badala ya kuomba radhi akasema mjane hana haja ya shamba kubwa namna ile. Ni neno baya. Kaburi la mumeo lilikuwa halijaota majani. Sikuambii hukuumia, wala sikuambii umsamehe kimya kimya. Kimya chako kimetosha. Nakuambia uvuke kijito ukamwambie. Mpigie kelele ukitaka. Mwambie, "Uliniumiza, wewe mzee wa ng'ombe, na bado naumia." Yeye naye ana mdomo, atakujibu, na mtalia au mtagombana, lakini mtakuwa wawili. Ukimngoja aanze yeye, kumbuka nani yuko chini ya gogo. Miguu iliyovimba hivyo katika umri wetu haingojei mavuno.

Na lile funda la watoto, usiwafundishe tena kulimeza. Wazee wetu hawakujua kusoma, lakini walijua kutema. Huyo Bwana tunayemhubiri hakutuambia tufiche. Alisema mtu aiache sadaka yake pale pale, aende kwanza kwa ndugu yake. Nenda kwanza. Ukirudi utakuwa na la kuwafundisha.

Nisalimie mwanao mkubwa na mkewe, na huyo mtoto wao ambaye sijamwona. Msalimie shangazi yetu mwenye jicho moja, na mzee apigaye kengele ya kanisa, kama bado anachelewa. Watoto wako wa Jumapili waambie wenzao wa Igowole wanawasalimu, na wanatema mbali.

Ambilikile sikumwandikia. Hajui kusoma, na wanawe wako mbali. Salamu zake nimezitia humu, katika barua yako, na sikumpa mtu mwingine. Mwambie kaka Andangile anakumbuka siku kijito hicho kilipofurika, yeye Ambilikile akiwa kijana na wewe hujaota meno ya ukubwa, alivyokubeba mgongoni mpaka maji yakamfika kidevuni, nawe ukimpiga ngumi kichwani ukimwambia aende haraka.

Mwambie kama ilivyo, kwa mdomo wako. Hana salamu nyingine kutoka kwangu, wala hana njia nyingine ya kuzipata.

Ni mimi kaka yako,
Andangile