Nilivyozama Katika Bwawa Lisilo na Maji

Saint-Aubrin, Dombes
Jumatano, 9 Julai

Kwako dada yangu mpenzi Roselyne,

Kwa heshima na taadhima ninatangaza, kwako na kwa yeyote aliyeketi karibu nawe unaposoma, kwamba mimi Ghislain, mdogo wako wa pekee, mwanamume wa makamo mwenye tumbo la kutosha watu wawili, Jumapili iliyopita nilizama bwawani. Bwawa lenyewe halikuwa na maji. Naomba taifa litulie.

Sasa nikusalimu, nisije nikaambiwa nimelelewa na mbweha. U hali gani huko Saint-Nazaire? Goti linasemaje, na bahari inasemaje? Sisi huku ni wazima. Paka wa marehemu baba yu hai na bado ananichukia. Miti ya mialoni imenenepa kwa mvua za Mei. Korongo wameangua juu ya mnara wa kanisa, na padri anasema hao ndio waumini wake pekee wasiokosa hata siku moja. Huguette wa mkahawani anakusalimu sana. Anasema ukija atakukaangia vyura kwa siagi mpaka uombe radhi kwa kukaa mbali.

Utauliza nimezama vipi. Lawama zote zimwangukie Aurore, yule daktari wa mifugo aliyehamia nyumba ya fundi viatu baada ya wewe kuondoka. Daktari wangu alipoanza kunisema juu ya moyo na tumbo, Aurore akaniletea baiskeli ya changarawe, yaani baiskeli yenye tairi nene kidogo na usukani uliopinda kama pembe za beberu. Nilimwambia mimi si mtu wa michezo. Akajibu kwamba yeye riziki yake ni kushughulika na wanyama wakubwa wasiotaka kutembea, kwa hiyo nisimtie wasiwasi. Basi kila Jumapili tunatoka, yeye mbele, mimi nyuma nikihema kama mvukuto wa mhunzi.

Lakini dada, njia zile. Tumezaliwa humu na bado nilikuwa sijaziona. Unaingia msituni kwenye kinu cha zamani wakati umande haujakauka, changarawe inanong'ona chini ya tairi, mwanga unashuka kwa vipande vipande, na ghafla miti inaachia, nawe uko juu ya tuta, bwawa kushoto, bwawa kulia, mawingu yamelala ndani yake. Unapita kimya. Bata mwitu hawasumbuki hata kugeuka. Kisha msitu tena, kisha bwawa jingine, kisha msitu, mpaka unasahau kama ni wewe unayekwenda au ni maji yanayokuja kukupokea na kukukabidhi kwa maji mengine. Mara mbili nimejikuta nimefika nyumbani bila kukumbuka nilipita wapi. Aurore anasema huo si utulivu wa roho, ni kukosa kifungua kinywa.

Aurore ndiye huchora njia hizo na kuzitia kwenye simu, na wageni kutoka Lyon huzifuata. Hapo ndipo raha yangu ilipo. Wanafika juu ya tuta la bwawa letu la Corbelette, wanatazama simu, wanaona rangi ya buluu, wanainua macho, wanaona shamba la shayiri. Wananiuliza bwawa liko wapi. Nawaambia liko likizo. Nikiona wamechoka kweli, ninawaeleza kwamba huku kwetu bwawa hushika maji na samaki miaka kadhaa, kisha hukaushwa mwaka mmoja likapandwa nafaka, ili udongo upumzike, na kwamba mwaka huu ni zamu ya Corbelette. Hilo wanalikubali. Ila nikiwaambia kwamba maji yakiwepo ni mali ya dada yangu, na yasipokuwepo ardhi ni mali yangu, kwa sababu ndivyo baba alivyoturithisha kwa sheria ya mababu zake, wananitazama kama mtu aliyeamkia kwenye chupa.

Na hapo inabidi nimtaje Gonnard. Unamkumbuka, jirani yetu wa upande wa kaskazini, anayeongea na trekta lake kwa upole kuliko anavyoongea na mkewe. Ndiye aliyenikodi ardhi mwaka huu akapanda shayiri hiyo. Sasa anataka Corbelette lisirudishiwe maji tena. Anataka kutoboa tuta, kufukia mifereji, na kupanda mahindi kila mwaka. Alikuja kwangu na soseji chini ya kwapa, akasema kwamba dada yangu yuko baharini, ana maji mengi kuliko anayoyahitaji, hatalilia beseni hili. Anangoja jibu kabla ya kuvuna. Nami nilikwambia kwa simu wakati wa Pasaka, ukasema nimpe tu, kwamba bwawa lilikuwa la baba na limekwenda na baba, wewe maji huyataki tena.

Basi Jumapili hiyo mpango ulikuwa kupita njia ndefu ya msituni, kuvuka tuta letu, na kumalizia uani kwa Gonnard ili tupeane mikono. Sikufika. Aurore alikuwa ameshatangulia hadi kwenye mialoni ya mbele alipotazama simu yake kuona nimebaki wapi. Ile alama ndogo inayomwonyesha nilipo kwenye ramani, dada, ilikuwa katikati ya buluu, na haisogei. Anajua vizuri sana kwamba bwawa ni kavu, ameshanicheka mara nyingi mbele ya wale wa Lyon. Lakini anasema jicho halingoji akili. Aligeuza baiskeli akaja mbio huku akiniita, akanikuta nimelala chali kwenye shayiri, chini kabisa ya tuta, gurudumu la mbele likizunguka peke yake. Aliniangalia meno, akanipapasa miguu kama anavyopapasa farasi, akatoa hukumu kwamba sihitaji kuchinjwa.

Kufika jioni, kijiji kizima kilikuwa na habari. Nilisema kwamba nguruwe mwitu alinikatia njia. Huguette akauliza nguruwe huyo alikuwa na ukubwa gani. Nikaonyesha kwa mikono. Akasema huyo si nguruwe, huyo ni mkwe wake. Mzee mmoja kwenye kona akasema amewahi kusikia watu waliozama mtoni, na watu waliozama katika divai, lakini mimi ndiye wa kwanza kuzama ndani ya uji. Jina limenikaa. Jana mke wa mwoka mikate ameniuliza kama Bwana Uji atachukua mkate mmoja au miwili. Gonnard peke yake hakucheka. Aliniambia nimemlalia shayiri yake, kisha akaniuliza jibu liko wapi. Nikamwambia dada yangu hajasema lolote.

Dada, hakukuwa na nguruwe. Na wewe ulikwishasema. Acha nikueleze ilivyokuwa.

Unakumbuka mchezo wetu juu ya lile tuta. Mimi kwenye pedali, nimefumba macho, wewe kwenye keria nyuma, umenishika mkanda. Nikielekea bwawani ulisema "maji." Nikielekea mitini ulisema "msitu." Maneno hayo mawili tu, na tulivuka tuta zima, na baba alikuwa akisimama ng'ambo akijifanya hatazami.

Jumapili nilipanda juu ya tuta nikiwa na jibu la Gonnard mdomoni, nimeshalipanga. Upepo ukaja. Ile shayiri imeiva, dada, imekauka vizuri, na upepo ulipoipitia ilitoa sauti ya mawimbi madogo yakigonga mawe. Ile ile. Nilijua ni shayiri. Nikafumba macho hata hivyo, mtu mzima na kofia yake ya plastiki kichwani. Nikaendesha. Nilikuwa nasikia bwawa lote kushoto kwangu, limejaa hadi ukingoni, na nikahisi baiskeli inaanza kuegemea upande huo, nami sikuirekebisha, kwa sababu nilikuwa nangoja wewe useme "maji."

Hakuna aliyesema.

Nilipokuwa nimelala kule chini, mahali wanapolala samaki, shayiri ikipishana juu yangu na mbingu ikiwa mbali, sikuumia popote. Aurore alidhani ninalia kwa maumivu, nikamwacha adhani hivyo. Sitaki mahindi, Roselyne. Pasaka nilikwambia kwamba kwangu mimi vyote ni sawa. Si sawa.

Lakini mimi ni mwenye ardhi tu. Baba alikuwa akisema mwenye ardhi akifunga bwawa kwa mkono wake litavuja hata ungeliziba kwa dhahabu, na kila mwaka wa kurudisha maji alikuita wewe, hata ulipokuwa na homa, uweke mkono juu ya kile kizibo cha mwaloni kabla hajakigonga kikaingia kwenye tundu la kutolea maji. Nimekitoa ghalani. Kimekauka na kupasuka kidogo, kwa hiyo nimekitia kwenye hori la ng'ombe kilowe, kivimbe, kikae tayari. Paka anakilinda. Gonnard nitamwambia Jumapili kwamba jibu ni hapana, na kwamba ni langu, si lako. Mvua za vuli huanza Oktoba. Ukisema huji, sitalifunga bwawa, na sitakulaumu.

Msalimie jirani yako yule mwenye mbwa wa kikohozi. Lishike goti lako vizuri kwenye ngazi. Aurore anakusalimu bila kukujua, na Huguette anarudia kuwa siagi ipo. Nakuandikia huku dirisha likiwa wazi, shayiri inavuma tena, na mimi nimekaa kitini, macho wazi kabisa.

Njoo useme lile neno.

Mdogo wako akupendaye,
Ghislain (Bwana Uji)