Mnyororo Nilioufuta kwa Msasa

Mjukuu wangu Nyaboke,

Huku kwetu Tabaka, Kisii, tuko salama, na mamako amemaliza kupalilia. Umeniandikia kwamba huko Mombasa mwenzako darasani amekucheka: Mkisii anajua nini kuhusu mashairi ya utumwa? Basi nisikilize.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami msichana wa shule. Mfanyabiashara mmoja alimwagiza baba amchongee sanamu ya mtumwa kwa jiwe la sabuni, lile jiwe laini la huku kwetu, amepiga magoti, mnyororo shingoni. Baba akachonga, mimi nikalainisha kwa maji na msasa. Kisha nikachukua msumari, nikaandika shairi langu kwenye kitako chake:

*Shingo yangu ni ya kwangu, mnyororo ni wa kwako,*
*Umefunga mwili wangu, wimbo si mateka wako.*

Mfanyabiashara alilipindua jiwe, akanuna. "Watalii hawanunui maneno. Futa. Nitarudi jioni."

Nilichovya msasa majini, mkono ukakataa. Niandike kwamba shingo ni yake, halafu nimpeleke sokoni amefungwa? Nikausugua mnyororo, pete baada ya pete, mpaka ukaisha. Maneno sikuyagusa.

Jioni akafoka: "Mtumwa wangu yuko wapi?"

"Ameondoka," nikamjibu. "Huyu ni mtu."

Hakununua. Hasira za baba sitaziandika.

Jiwe lenyewe unalijua. Ndilo linalozuia mlango wa jikoni, lile ulilolishika ulipojifunza kusimama. Ukija likizo, lipindue usome. Na huyo aliyekucheka, mlete. Nitampa msasa, nione kama atathubutu kuyafuta maneno hayo.

Nyanya yako,
Kemunto