Nilijibu Mara Mbili

Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Gungu.

Upepo umetulia. Tangu jana ulikuwa unavuma kutoka kusini mpaka mabati ya Mama Zawadi yakawa yanagonga usiku kucha, na sasa hivi nimekaa kizingitini, hata jani halitikisiki. Nauchukia utulivu huu. Ungekuja asubuhi.

Naandika bila kurudia kusoma, kwa hiyo mkiona makosa ya herufi mnisamehe. Au msinisamehe. Leo sitaki kusamehewa haraka haraka.

Nianze na kura.

Mimi ni Bukuru, mwenzangu ni Butoyi. Huku kwetu ukisikia majina hayo huna haja ya kuuliza: ni pacha, mimi nilitangulia kuzaliwa, yeye akafuata. Tuko kidato cha nne. Tumepanga chumba hapa kwa Mama Zawadi kwa sababu nyumbani ni Mwamgongo, na Mwamgongo unafika kwa boti. Vitu vyetu vyote ni viwili viwili, maana pacha hapewi mmoja mwingine akaachwa. Ukinunua daftari, mawili. Ukichinja kuku, kila mmoja paja lake. Simu tu ndiyo ilimshinda baba, tunachangia moja.

Wiki iliyopita baba alipiga akasema Bibi amezidiwa na anatuita. Bibi ndiye aliyetulea mama alipokuwa akihangaika na dagaa ufukweni toka alfajiri. Tukaenda kuomba ruhusa. Mkuu wa shule alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa, kwa kuwa mtihani wa majaribio unaanza Alhamisi.

"Mwombeeni, wanangu," alisema. "Mtaenda mkimaliza."

Mkimaliza ni wiki tatu. Bibi hana wiki tatu.

Basi tukapanga mmoja aende kimyakimya. Aondoke Jumamosi mchana baada ya masomo ya ziada, arudi leo na boti ya alfajiri. Atakosa kuitwa majina asubuhi tu, na hapo mwenzake atamjibia. Tulitia punje mbili za maharage ndani ya soksi, moja nyekundu, moja nyeupe. Atakayechomoa nyekundu ndiye aende.

Nyekundu niliichomoa mimi.

Hilo halijui mtu mwingine zaidi ya Butoyi, na sasa ninyi mnaosoma. Niliishika ile punje, nikasema nina fizikia sijamaliza, bora aende yeye. Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba naogopa ziwa. Baba yangu mvuvi, babu yangu mvuvi, na mimi nikipanda boti pale Kibirizi nafumba macho mpaka nisikie mchanga wa kwetu unakwaruza chini. Butoyi anajua. Alinitazama, akatabasamu kidogo, akaanza kukunja kanga yake.

"Poa," alisema. "Ila Jumatatu usinizingue. Mushi akiniita, sema nipo."

Simu akaniachia, eti nisomee maswali ya miaka iliyopita.

Asubuhi ya leo mambo yalikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Mwalimu Mushi, mwalimu wetu wa darasa na wa fizikia, ametokea Kilimanjaro, na mpaka leo ziwa letu analiita bahari. Akiita majina hainui kichwa, kalamu tu ndiyo inatembea. Na majina yetu yanafuatana. Alisema Bukuru, nikajibu nipo. Aliposema Butoyi nikainama kama naokota kalamu chini ya dawati, nikajibu kwa sauti ya puani, vile anavyoongea yeye akiwa na mafua. Nipo. Nyuma yangu wenzangu, waliodhani Butoyi amelala tu, wakaanza kujizuia kucheka.

Nilijisikia mjanja. Nakiri.

Boti za kaskazini huwa zimeshafika kabla ya saa tatu. Saa tatu ikapita. Dirishani kwetu ziwa linaonekana kipande, na kipande hicho kilikuwa cheupe kwa mawimbi. Mapumzikoni nikaenda nyuma ya vyoo na ile simu, nikampigia baba. Hapatikani. Kupata mtandao kule lazima apande mpaka kwenye shamba la mihogo, na asubuhi hawezi kuwa shambani wakati Bibi yuko vile.

Saa nne Mkuu wa shule akaingia darasani, viatu vimelowa. Alisema kuna boti iliyotoka kaskazini alfajiri na haijafika, watu wako Kibirizi wana wasiwasi, wanauliza kila mahali nani alikuwa ndani. Amepitia madaftari ya mahudhurio ya madarasa yote, kwa sababu tuko wengi hapa tunaotoka Kagunga na Mwamgongo na vijiji vya katikati.

"Namshukuru Mungu," alisema, "wetu wote wapo. Tuwaombee wengine."

Tukasimama. Nikafumba macho pamoja na wenzangu, nikamwombea ndugu yangu niliyekaa naye tumbo moja, nikimwita "wengine".

Mtadhani nilisema palepale. Sikusema. Mimi ni kiranja, na shuleni kwetu kughushi mahudhurio ni barua ya kwenda nyumbani. Niliufikiria mtihani. Pia kulikuwa na kitu kingine ambacho sijui nikieleze vipi. Niliona kwamba nikisema, ndipo itakuwa kweli. Maadamu lile daftari linasema Butoyi yupo, basi yupo mahali, mkavu, amekaa kwenye kiti.

Tukapewa jaribio la fizikia. Nililifanya. Swali la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilihusu kitu kinachoelea majini, nikaandika kanuni, nikapiga hesabu, na jibu langu lilikuwa sahihi, nina uhakika mpaka sasa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kichwa changu kilifanya kazi.

Mwalimu Mushi alikuwa amegawa karatasi kwa kufuata daftari, kwa hiyo moja aliiweka mahali pa Butoyi, kando yangu. Akauliza yuko wapi. Nikasema ameenda chooni. Akapita. Ile karatasi ikabaki pale, tupu, kila upepo ukiingia dirishani inanyanyuka kona moja na kulala tena. Nikawa naishika kwa kiwiko isianguke. Nusu saa nzima nimeshika karatasi ya mtu kwa kiwiko.

Kisha nikasimama.

"Mwalimu, Butoyi hayupo. Yuko kwenye hiyo boti."

Hakunipiga wala hakufoka. Kwanza alikaa. Halafu akaniuliza mara moja tu, "Aliyemjibia ni wewe?" Nikasema ndiyo. Akanishika mkono, tukatoka mbio getini, tukapanda bodaboda moja, dereva mbele, mimi katikati, yeye nyuma, karatasi ya maswali bado imo mkononi mwake.

Kibirizi watu walikuwa wamesimama kimya, wanawake wamejitanda kanga. Kaka Sadi, mwenye boti inayokwenda vijiji vya kule, alikuwa tayari kwenda kuwatafuta. Boti hizi hazina orodha ya abiria. Kwa hiyo mwenye mtu wake anakwenda pale maji yanapoanza, anataja jina, na mdogo wake Sadi anaandika kwenye kipande cha boksi la biskuti. Tulipofika kipande kilikuwa kimeshafungwa kwenye mfuko wa nailoni na boti imesukumwa. Injini inanguruma.

Mwalimu Mushi aliingia majini na viatu vyake vya ngozi, na suruali yake ya kaki, yeye anayeogopa hata kunawa ufukweni pale. Maji yakamfika kifuani. "Bado mmoja!" alipiga kelele. "Bado mmoja! Bado mmoja!"

Sadi akageuza boti. Akaniuliza jina na amevaa nini.

"Butoyi. Sweta la kijani la shule. Sura yake ni hii hii."

Alinitazama usoni muda mrefu, kama mtu anayesoma. Kisha akaliandika jina kwenye lile boksi, akaondoka, na mimi nikabaki ufukweni.

Nikangoja saa nne nzima. Siwezi kuzieleza zote. Mama mmoja nisiyemjua, mtu wa Kagunga, naye akimsubiri mwanawe, alinikumbatia akawa ananipapasa mgongo. "Hora, mwana wanje. Hora." Maana yake nyamaza, mwanangu, maneno ya kubembeleza mtoto. Sikumwambia nilichofanya. Niliogopa ataniachia.

Saa tisa boti ikaonekana. Tukakimbilia maji sote. Nikatafuta rangi ya kijani kuanzia mbele mpaka nyuma, nikarudia kutoka nyuma mpaka mbele. Mama wa Kagunga akapiga kelele ya furaha, mwanawe alikuwa amesimama karibu na injini. Kijani hakuna. Nikakaa palepale majini.

Alikuwa amelala chini, katikati ya mizigo, amefunikwa turubai.

Hai.

Sadi alimweleza Mwalimu yaliyotokea, na mimi nikayasikia nikiwa nimeshika kichwa cha Butoyi mapajani. Injini ya ile boti ilizimika, upepo ukawatupa ufukweni chini ya milima ya Gombe, wote wakashuka salama. Kukapita boti ndogo, ikachukua kina mama wenye watoto, ikawarudisha kaskazini. Sadi alipofika akawapakia waliobaki. Nahodha wao akamwambia ndio hao tu, hakuna mwingine. Sadi akatoa lile boksi akasoma majina mmoja mmoja, nao wakaitikia wenyewe au wakatajwa kuwa wamerudi na boti ndogo. Aliposoma Butoyi pakawa kimya. Nahodha akasema yule mwanafunzi naye atakuwa ameondoka na kina mama. Mama mmoja akasema hapana, hakupanda.

Sadi akakataa kuelekea nyumbani. Alikwenda polepole akiambaa ufukwe, akaita, mpaka alipopita rasi ya pili akamkuta Butoyi amebanwa mguu kati ya mawe, maji kiunoni, mawimbi yanampiga, sauti imeshamkauka.

Hakusubiri na wenzake. Aliamua kutembea mpaka mjini kwa kufuata ufukwe.

Nilimuuliza kwa nini, kule zahanati, wakati anashonwa. Alinijibu bila kunitazama. "Nilitaka niwahi majina ya mchana. Nilijua utabanwa."

Nyuzi tisa. Nilizihesabu zote.

Mkuu wa shule alitukuta hukohuko. Barua ni ya wiki mbili, sote wawili. Mtihani wa majaribio utatupita. Beji ya kiranja aliivua mwenyewe kifuani pangu, taratibu, asichane sweta. Nilitegemea hasira, na ningeipokea. Badala yake alikaa kwenye benchi, kando yangu.

"Bukuru, nilipotoka darasani kwenu nilirudi Kibirizi," alisema. "Niliwaambia wale watu wasimtafute wa kwetu, kwa sababu hayumo. Nilisema kwa kinywa changu."

 

Butoyi amelala ndani sasa, mguu juu ya mto. Mama Zawadi amempikia uji, anapita pita mlangoni na kunitupia jicho, akisema watoto wa siku hizi watamtoa roho. Kabla hajalala Butoyi aliniambia habari za nyumbani, na kama angekuwa ananichukia asingeniambia, au pengine ndiyo maana aliniambia.

Bibi ana vitenge viwili sandukuni, vya chapa moja, alivitunza siku nyingi kwa ajili yetu. Alimwagiza mama avitoe. Butoyi akanyoosha mikono apokee vyote. Bibi akavivuta, akauliza Bukuru yuko wapi.

Macho ya Bibi yameshaingiwa ukungu. Butoyi akasema eti mimi nipo nje, namwaga maji. Akatoka, akahesabu kumi, akaingia tena kwa hatua nzito kama zangu. Akapiga magoti. "Shikamoo, Bibi. Ni Bukuru."

Alinijibia. Na yeye alinijibia.

Bibi hakuitikia shikamoo. Aliuchukua mkono wake wa kushoto, akapapasa kifundo mahali ambapo mimi nina kovu la uji ulionimwagikia nikiwa mdogo, yeye mwenyewe akiwa ndiye aliyenipaka dawa. Akapapasa tena. Kisha akauachia.

"Huyu bado ni Butoyi," alisema, na vitenge vikarudi sandukuni.

Baba amepiga saa hii hii, amepanda shambani. Nimemweleza yote, hata punje nyekundu.  Akasema Bibi ameamka na amekunywa maji, na boti ya Sadi inaondoka kesho saa sita mchana.

Kesho asubuhi Mwalimu Mushi atafungua daftari lake. Ataita Bukuru, ataita Butoyi, na patakuwa kimya mara mbili. Safari hii lile daftari litasema kweli.

Butoyi hawezi kusafiri na mguu ule. Nitakwenda peke yangu. Nimeshaanza kuogopa. Nikifika pale maji yanapoanza nitamwomba mdogo wake Sadi achukue kipande cha boksi, hata kama ziwa limelala na hakuna anayetafutwa. Aandike Bukuru. Mmoja tu.