Maboksi ya Vitabu vya Mungu

Mpanda,
Mwisho wa Novemba.

Mke wangu Mama Rehema,

Kaa chini kwanza, maana nakujua, ukipewa barua unaisoma umesimama mlangoni. Hujambo? Mama naye, kifua kimetulia? Rehema ameacha kukohoa? Na mvua huko Iramba, zimeshuka au bado mnatazama mawingu tu na mbegu ziko kwenye kibuyu? Huku kwetu zimeanza kwa fujo, barabara ya kwenda Sitalike haipitiki kwa gari dogo.

Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, homa haijanirudia. Ila moyo umechafuka, mke wangu, umechafuka kama mtu aliyekuta nzi kwenye uji na uji ameshaumeza. Nimeona heri usikie kwa mdomo wangu kabla Mkuu wa Chuo hajamwandikia mchungaji wetu. Siko tena chuoni. Usishtuke, nitakueleza yote.

Kile chuo chetu cha Biblia umekiona kwenye picha niliyokutumia: darasa moja, bweni moja, kanisa dogo la matofali ya kuchoma. Sikukuambia kwamba wanafunzi wote tulikuwa na kitabu kimoja tu cha mafundisho ya imani. Kimoja. Tunakisoma kwa zamu, huyu asubuhi, yule baada ya kazi za bustani. Kurasa za mwanzo zilishaanguka, na sura ya neema haikuwepo kabisa. Tulifundishwa neema kwa mdomo, na aliyetufundisha ni Mkuu, kwa hiyo unaweza kuelewa tuliielewaje.

Basi mwaka juzi, baada tu ya ule uchaguzi wa vyama vingi, treni ya Tabora ilileta maboksi ya vitabu. Tuliyabeba vichwani kutoka stesheni tukiimba. Nilisoma karatasi iliyobandikwa juu ya boksi nililobeba mimi: vitabu vya theolojia, vya maombi, vya ndoa, vya kulea watoto, vya Mkristo na kazi yake, vyote kwa Kiswahili. Nilitamani kile cha ndoa nikisome halafu nikuletee. Sospeta, rafiki yangu, Mpimbwe kwa kabila, wa kule Mamba, alitaka kile cha maombi, maana kwao wote ni Wakatoliki na baba yake anamuuliza kila likizo, "Sasa huko kwenu mnasali nini ambacho sisi hatusali?" Alitaka jibu.

Mkuu akasema vitabu viwekwe stoo, visifunguliwe mpaka wageni waje kuzindua maktaba.

"Mkuu," nikamwambia, "stoo ile sakafu yake ni udongo. Nipe vipande vya mninga vilivyobaki kwenye madawati, nitatengeneza rafu kwa siku mbili."

"Elia, wewe umekuja kusoma au kupiga randa?"

Sospeta akaomba walau boksi moja lifunguliwe tusome. Mkuu akacheka. "Nyie mtavishika na mikono ya migebuka? Wafadhili wakija wakute vitabu vinanuka samaki? Picha itapigwa vikiwa vipya."

Vikafungiwa. Ufunguo wa kufuli akapewa Mzee Zakaria, mlinzi wetu. Huyu ni mtu wa Burundi, alikimbia kwao mwaka wa sabini na mbili, nyumba yake iko kule makazi ya Katumba. Chuo ndicho kilichomwombea kibali cha kukaa hapa mjini kufanya kazi, na kibali chenyewe kilikaa kwa Mkuu. Mzee mpole, mwoga hata wa kukohoa mbele ya wakubwa. Mkuu alimwambia, "Mlango huu usifunguliwe na mtu yeyote, hata wewe." Naye hakuufungua. Alikuwa anafagia kibaraza mpaka kwenye kizingiti, hapo anageuza ufagio.

Misimu ikapita. Sisi na kitabu chetu kimoja. Wageni leo wanakuja, kesho hawaji. Mvua za mwezi huu zilipoanza, watoto wa majirani walijaa chini ya dirisha la stoo wakiokota kumbikumbi kwa sufuria. Tuliwaona. Nikamwendea tena Mkuu nikamwambia kumbikumbi wanatoka ndani ya stoo. Akasema nimshukuru Mungu kwa kitoweo.

Hatimaye wageni wakaja: viongozi wa kanisa kutoka Tabora, na mama mmoja mtu mzima wa idara ya vitabu, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Kulipigwa turubai, wakachinja ng'ombe, mchele ukatoka kule kwa Wapimbwe. Utepe ukakatwa. Mpiga picha akaambiwa asimame vizuri. Maboksi yakatolewa, na mimi nilipobeba la kwanza nilijua. Boksi la vitabu lina uzito wake na pembe zake. Lile lilikuwa zito kwa namna ya kaburi, samahani kwa kusema hivyo.

Mkuu akalifungua akitabasamu kwa kamera. Akashika kitabu cha juu, jalada likainuka lenyewe kama ganda la ndizi. Chini ya jalada, udongo. Akachimba kwa vidole, udongo. Wakafungua la pili, udongo. La tatu vivyo hivyo. Turubai linapigapiga juu yetu.

Mke wangu, ningemsamehe mtu pale angesema, "Ndugu zangu, nimekosa." Hata angelia tu. Unajua alisema nini?

"Tumeibiwa! Wametoa vitabu wamejaza udongo!" Akageuka. "Ufunguo wa stoo anao nani?"

Mzee Zakaria alikuwa anatoka jikoni na ndoo ya maji ya kunawa wageni. Akaiweka chini. "Ninao mimi, Mkuu."

"Umesikia mwenyewe, mama," Mkuu akamwambia yule mgeni. "Tumemhifadhi mkimbizi, tumemlisha, na haya ndiyo malipo yake."

"Mana yanje," Zakaria akasema, ndivyo wanavyomwita Mungu kwao. "Mkuu, ulisema nisifungue. Sikufungua."

Nikasimama. Nikasema, "Mkuu, huo ni udongo wa mchwa."

"Elia, kaa."

Sikukaa. Nilichukua bonge moja nikalivunja mbele ya yule mama. Mchwa weupe wakamwagika, na katikati kikabaki kipande cha karatasi kama kiganja, kimeandikwa "Sura ya nne." Nikakiweka mkononi mwake. Mchwa mmoja akampanda kidoleni. Alimtazama huyo mchwa, mke wangu. Alimtazama vizuri, kwa miwani yake. Kisha akatoa leso, akajifuta, akaangalia chini.

Mgambo wakamshika Zakaria kwa suruali kiunoni kama wanavyomshika mwizi wa kuku, wakamvuta kwenda kituoni. Na Mkuu akasema, "Ndugu wageni, shetani asitunyang'anye furaha ya siku hii. Chakula kiko tayari." Akaomba baraka. Wakala pilau. Wote walijua, maana mchwa walikuwa wanatembea kwenye kitambaa cha meza, nimeona kiongozi mmoja anawapangusa kwa mkono wa kushoto huku wa kulia uko mdomoni. Hicho ndicho kinachonirudia kila nikikaa kula.

Mimi sikula. Sospeta aliweka sahani yake chini akaniambia, "Leta baiskeli." Tukafunga boksi moja nyuma kwa mpira, tukaisukuma mpaka kituo cha polisi. Askari wa zamu alikuwa anatafuna mahindi ya kuchoma. Tukaweka boksi juu ya kaunta, tukamwomba alifungue mwenyewe.

Akafungua. Mchwa wakashuka kwenye kaunta, wakaingia kwenye makaratasi yake.

"Ondoeni! Ondoeni takataka hizi!" Aliruka nyuma. Halafu akasogea akatazama ndani, akachokoa kwa kigunzi cha hindi. Akaona majalada yaliyobaki pembeni kama magamba. "Hivi ndivyo vitabu vilivyoibwa?"

"Ndivyo, afande."

"Sasa mnataka nimfunge mchwa?" Akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka. Akamwita mwenzake, "Mtoe yule mzee. Mrudishie viatu vyake."

Zakaria alitoka akavaa viatu polepole. Hakufurahi, wala hakutushukuru. Aliniuliza jambo moja tu: "Na kibali changu?"

Nilijifanya sijui. Lakini sote tulijua. Mkuu alikizuia, akawaandikia ofisi ya makazi kwamba chuo hakimhitaji tena. Keshokutwa yake mzee alifunga godoro lake kwa kamba, akarudi Katumba. Mkuu hakutoka hata kumuaga.

Jumapili Mkuu akahubiri juu ya kuwatii wenye mamlaka. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikiwa nimeshika ubao wa benchi nisije nikainuka. Jumatatu akatuita ofisini, mimi na Sospeta. Pembeni ya meza yake pana kabati la vioo, na humo amepanga vitabu vichache vilivyokutwa vizima baadaye kwenye boksi moja ambalo mchwa hawakulimaliza. Vimefungiwa kwa ufunguo. Nilikiona kile cha ndoa, kimesimama wima kama askari. Sasa eti hivyo ni vya kuonyesha wageni watakaokuja.

Akaongea kwa upole, na upole wake ndio ulionitia kinyaa zaidi. "Sitaki mambo makubwa. Simameni tu mbele ya ibada mseme mzee alizembea. Sijasema mwizi. Uzembe si wizi."

"Alizembea nini, Mkuu?" nikauliza. "Kukutii?"

"Elia, mwakani unamaliza. Mke wako anasubiri kuitwa mama mchungaji."

Nikamwambia, "Mke wangu amezoea kuitwa Mama Rehema." Nisamehe kama nilikusemea bila kukuuliza. Najua umelima peke yako, umemuuguza mama peke yako, na kina mama wa kanisani wameshaanza kukupisha kiti. Nililijua hilo niliposema. Na bado nisingeweza kutamka lile neno.

Sospeta alilitamka. Alisimama mbele ya ibada akasema mzee alizembea, machozi yanamtoka, hakumaliza sentensi. Simlaumu. Baba yake kule Mamba alishasema kwamba akirudi bila cheti asirudi. Usiku ule hakulala bwenini, alilala kanisani kwenye benchi. Mimi nikaambiwa nikusanye vitu vyangu.

Sasa nimejishikiza kwa fundi mmoja hapa Mpanda, karibu na njia ya Kakese. Tunatengeneza milango na vitanda vya mninga. Mikono imerudi kwenye kazi inayoijua, hilo namshukuru Mungu. Jumapili iliyopita niliazima baiskeli nikaenda Katumba kumwona Mzee Zakaria, nimembebea chumvi na sabuni. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapalilia maharage na wajukuu zake. Mkewe akatupikia ugali wa muhogo. Nilitaka tumseme Mkuu, sikufichi, nilikuwa nimejaa maneno njia nzima. Mzee hakunipa nafasi. Aliniuliza habari zako, habari za watoto, kama kwetu nako tunalima maharage.

Tulipomaliza kula akaniambia, "Mwalimu, tuombee." Ananiita mwalimu bado, kama alivyokuwa akituita wanafunzi wote. Nikafunga macho, nikatafuta neno, mke wangu, sikupata hata moja. Basi akaomba yeye, kwa Kirundi. Naelewa kidogo kidogo. Alishukuru kwa chumvi. Aliwaombea ndugu zake waliobaki kwao, ambako vita vimewaka tena. Kisha nikasikia anamtaja Mkuu kwa jina lake la ubatizo, anamwombea, kwa sauti ile ile aliyoshukuria chumvi. Nikafumbua macho. Yeye ameyafumba, mikono yenye udongo iko juu ya magoti. Mkewe na wajukuu wakaitika amina. Mimi sikuitika, na mpaka leo ninapoandika sijaitika. Labda yeye ameshafika mahali ambapo mimi bado, au labda mtu aliyenyimwa kila kitu hana mahali pengine pa kupeleka jambo lake. Sijui. Mimi bado kinyaa kiko kooni.

Nitapanda treni kabla ya Krismasi, fundi akishanipa ruhusa. Watu wa kanisani wakikuuliza, usiseme Elia alishindwa masomo, wala usiseme nimeugua. Sema amefukuzwa kwa kukataa kumsingizia mzee wa watu. Wakicheka, waache wacheke.

Msalimie mama, mwambie dawa ya kifua nimeipata, ni asali ya huku, nzito na nyeusi. Msalimie kaka yako Daudi aliyekulimia kwa ng'ombe wake, na mkewe. Shangazi aliyekuwa akiniita "baba mchungaji" kabla hata sijaondoka mwambie taratibu, usimwambie akiwa na njaa. Rehema mwambie baba anakuja na stuli yake ya mninga, na mdogo wake pia nimemfanyia ndogo, wasigombane.

Na wewe, Mama Rehema, siku hiyo ukiniona nashuka na sanduku la randa na misumeno badala ya joho, usinionee huruma mbele za watu. Nipokee mzigo tu, twende nyumbani.

Ni mimi, mumeo,
Elia